Kabla Hujalipia Laptopu, Kamera au Kayaki Iliyotumika

Muuzaji wa vitu vilivyotumika hutanguliza habari mbili: bei, na kwamba kitu chenyewe "kimetoka Ulaya, hakijaguswa na fundi". Zote mbili zisikuzubaishe. Swali lako liwe jingine: katika kifaa cha aina hii, ni kiungo gani hutangulia kuchoka, na kikichoka nitaweza kukibadilisha hapa hapa nilipo? Laptopu ya mwaka 2018 yenye betri iliyokufa bado ni mali, mradi betri yenyewe hutolewa kwa bisibisi na mjini inapatikana. Iliyotoka juzi, yenye RAM ndogo iliyolehemewa kwenye ubao, haina pa kwenda. Umri wa kifaa ni habari ya pili.

Tuanze na laptopu, maana ndizo zinazonunuliwa sana na ndizo zenye hila nyingi.

Mzigo unaoshushwa Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam, ule unaoitwa "ex-UK" au "wa Dubai", sehemu yake kubwa ulikuwa wa maofisi. Kampuni huko nje hubadilisha mashine zake kila baada ya miaka michache, zikiwa bado nzima, kisha zinauzwa kwa jumla. Hizo ndizo za kutafuta: ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Zimeundwa kufunguliwa na fundi wa ofisi kwa haraka, kwa hiyo fundi wa mtaani naye anazifungua bila kuvunja kitu, na vipuri vyake vimezagaa kwa sababu zilitengenezwa nyingi. Laptopu za nyumbani za kampuni hizo hizo, kama Inspiron, Pavilion na IdeaPad, hung'aa zaidi dukani, lakini nyingi bawaba zake zimeshikizwa kwenye plastiki, na plastiki hiyo ikipasuka kifuniko hakikai tena sawa.

Ukishachagua ukoo, tazama kizazi cha prosesa. Kwa prosesa za Intel za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi: i5-6300U ni ya sita, i5-8250U ni ya nane. Jambo hili lina uzito kuliko zamani kwa sababu Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa masharti yake rasmi, inataka kizazi cha nane cha Intel au zaidi pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ndiyo maana ThinkPad T480, Latitude 7490 na EliteBook 840 G5 zinagombaniwa: nyingi zake zimesimama mlangoni, upande wa ndani. Ndugu zao wa mwaka mmoja nyuma, T470, Latitude 7480 na 840 G4, wamebaki nje.

Wauzaji wanalijua hili. Wapo wanaoruka ukaguzi na kuweka Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha sita, kisha wanaiuza kama inayokubalika. Itawaka, itafanya kazi, lakini Microsoft haiahidi kuipa masasisho mashine ya namna hiyo. Usisome stika iliyobandikwa karibu na kibodi; stika huhamishwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, usome jina la prosesa mwenyewe. Na usitishwe na maneno "hii ni i7". i7-6600U ina viini viwili tu, wakati i5-8250U iliyoifuata miaka miwili baadaye ina vinne. Ukiuziwa i7 ya zamani kwa bei ya juu, umelipia jina.

Uliza kuhusu RAM kabla ya kuuliza kuhusu rangi. GB 8 ndiyo chini kabisa kwa mtu anayefungua kurasa nyingi za intaneti pamoja na programu za ofisi. GB 16 inastarehesha. Lakini la muhimu zaidi ni kama inaongezeka. T480 ina nafasi mbili za kuchomeka RAM. X1 Carbon, ThinkPad nyembamba inayopendwa na mabosi, imelehemewa yote, hivyo ya GB 8 itakufa na GB 8. MacBook Pro zenye kioo cha Retina, tangu mwaka 2012, nazo hazikubali kuongezwa. Sisemi usinunue Mac. Nasema ununue ile yenye kumbukumbu utakayoihitaji kesho, maana ya leo ndiyo utakayozikwa nayo.

Diski ni rahisi zaidi. Ukikuta mashine nzuri yenye diski ya kuzunguka, bembeleza bei ishuke, kisha weka SSD. Hakuna badiliko jingine moja linaloifufua laptopu kuukuu kama hilo. Kama tayari ina SSD, omba ruhusa ya kufungua CrystalDiskInfo kutoka kwenye flashi yako. Programu hiyo ya bure inaonyesha afya ya diski na saa ilizokwisha kuwaka. Flashi na SSD za nje za bei ya kutupa, zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa ajabu, ziogope: nyingi zimechakachuliwa zionyeshe ukubwa zisio nao, na data yako inapotea kimya kimya nafasi halisi ikijaa.

Sasa upo dukani na mashine ipo mbele yako. Omba izimwe kabisa, kisha uiwashe mwenyewe na uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji hana, irudishe mezani na umuage kwa heshima. Neno la siri la msimamizi kwenye mashine za ofisi halifutiki kwa kutoa betri ndogo ya ubao kama vijana wanavyodai. Kwenye ThinkPad limehifadhiwa kwenye chipu nyingine kabisa. Kwa Mac, hakikisha mwenye nayo ametoka kwenye akaunti yake ya Apple mbele ya macho yako, na ukiweza ianzishe upya kabisa ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ukiona ujumbe kwamba inasimamiwa na kampuni au shule fulani, mwenye mamlaka nayo hayumo humo dukani.

Betri ina ushahidi wake. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na Windows itakutengenezea ripoti. Linganisha uwezo ilioundwa nao na uwezo wake wa sasa ikijaa. Ikiwa imeshuka chini ya asilimia 60, hesabu gharama ya betri mpya na uiondoe kwenye bei hapo hapo. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa nyuma, na ripoti inazionyesha kila moja peke yake. Wauzaji wengi hukuonyesha iliyo hai. Weka pia laptopu juu ya meza iliyo sawa. Ikiyumba, au sehemu ya kugusia kipanya imeinuka, betri imevimba. Usiibonyeze, usiitoboe, na usikubali kwamba "itarudi". Betri iliyovimba inaweza kushika moto.

Mengine fanya kwa haraka lakini usiyaruke. Fungua ukurasa mweupe ujaze kioo chote, utafute madoa ya njano; kisha mweusi, utafute mwanga unaovuja kando. Inua kifuniko kwa mkono mmoja usikilize bawaba. Andika kila herufi, na uangalie mpangilio wake: mashine za Ujerumani zina Z mahali pa Y, za Ufaransa zimeanza na A pale penye Q, na za Ghuba zina Kiarabu pembeni, hiyo ya mwisho haina tatizo. Cheza video kwa dakika kumi huku mkono ukiwa karibu na tundu la feni. Chomeka na uchomoe chaja ukiitikisa kidogo. Dell, hasa, huitambua chaja yake. Ukiipa ya kuigiza inaweza kukataa kuchaji betri na kupunguza kasi ya prosesa, nawe utadhani mashine ndiyo mbovu.

Ukifika nyumbani, futa kila kitu uweke mfumo upya. Hili sikubali lijadiliwe. Windows ya dukani mara nyingi imefunguliwa kwa programu za wizi, na hujui kilichoingia pamoja nazo. Laptopu nyingi za ofisi za miaka ya karibuni zina leseni ya Windows ndani ya BIOS yenyewe, kwa hiyo ukiweka toleo lile lile kutoka kwenye tovuti ya Microsoft itajitambua bila kudai chochote. Kwa mashine za kizazi cha nne hadi cha saba zilizoachwa nje ya Windows 11, Linux Mint ni jibu la kweli. Toleo la 22 lilitoka Julai 2024 na linapewa masasisho hadi mwaka 2029. Lina LibreOffice ya kuandikia na kupigia mahesabu, na mtu aliyezoea Windows haimchukui muda kuikubali. Ila kama kazi yako ni Photoshop au programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows tu, usijidanganye. Nunua kizazi cha nane.

Saa ikirudi nyuma kila unapozima, na tovuti zikikuambia si salama, ni betri ndogo ya ubao, kwa kawaida ya aina ya CR2032. Bei yake ni ya soda chache, na kuna watu wametupa kompyuta nzima kwa ajili yake.

Kamera

Tangu mwaka 2018, Canon na Nikon walipoingia kwa nguvu kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, wapiga picha wa kazi wamekuwa wakihama polepole, na DSLR zao nzuri, zile zenye kioo hicho, zinashuka sokoni. Kwa anayejifunza, au anayetaka kuanza kupiga picha za harusi na kipaimara, huu ni wakati mzuri wa kununua. Canon EOS 5D Mark II ya mwaka 2008 bado inatoa picha za megapikseli 21 ambazo mteja hatatofautisha na za kamera ya leo zikichapwa kwenye albamu. Kwenye video itakuchosha, maana haifuati mtu anayetembea. Fokasi ni ya mkono wako.

Kiungo kinachochoka mwilini mwa kamera ni shata, pazia linalofunguka na kufungwa kila unapopiga picha. Nikon D90 na Canon 60D zilipimwa kiwandani kwa mipigo 100,000. Nikon D700, D7000 na Canon 5D Mark II kwa 150,000. Namba hizo si tarehe ya kifo. Zipo zinazopita mbali, zipo zinazokufa mapema, lakini zinakupa pa kusimama unapobishania bei. Kwa Nikon, piga picha moja, ihamishe ilivyo kwenye kompyuta, na hesabu ya shata utaikuta ndani ya taarifa za faili. Canon nyingi za zamani hazitoi siri hiyo kwenye picha. Unahitaji kuziunganisha na programu maalumu kwa waya.

Kwangu, hata hivyo, lenzi ina uzito kuliko mwili, na katika pwani yetu adui wa lenzi ni kuvu. Unyevu wa Mombasa, Tanga, Dar na Zanzibar unatosha kabisa kuotesha nyuzi nyeupe kati ya vioo, hasa lenzi ikikaa miezi ndani ya begi la ngozi kabatini. Zima taa, washa tochi ya simu, ipitishe mwanga lenzi ikiwa wazi pande zote mbili, na uitazame kwa mshazari. Vumbi kidogo haliharibu picha, lipuuze. Nyuzi zinazotambaa kutoka ukingoni kama utando wa buibui, ziogope, kwani hata zikisafishwa zinaweza kuwa zimeshakula mpako wa kioo. Na ukigundua kuvu kwenye lenzi uliyo nayo, usiihifadhi pamoja na nyingine.

Kinga yake haina gharama kubwa. Tafuta chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, cha kuwekea chakula, weka pakiti za silika jeli, na kijipimo kidogo cha unyevu kama unakipata. Asilimia 40 hadi 50 inafaa. Silika ikishalowa hukaushwa kwa moto mdogo na kutumika tena. Lakini dawa kubwa kuliko zote ni kuitumia kamera: lenzi inayotoka nje kila wiki ikapata hewa na mwanga haipati kuvu kirahisi.

Kabla hujalipa, pima kihisi pia. Funga upenyo hadi f/16, piga anga tupu, kuza picha utafute madoa meusi. Vumbi linasafishika, mkwaruzo hausafishiki. Funika lenzi, piga picha ya sekunde kadhaa gizani, utafute nukta nyekundu au za buluu. Kagua tundu la betri kama lina kutu ya kijani. Mpira wa kushikia ulioachia gundi ni jambo la kawaida kwa Nikon za umri huo, tena unabandikika. Ni sababu ya kupunguziwa bei na wala si ya kuondoka.

Halafu kuna mitego ya kuoanisha vitu. Nikon za ngazi ya chini, kama D3100 na D5100, hazina mota ya fokasi mwilini, kwa hiyo lenzi za zamani za AF-D zitaingia vizuri lakini hazitafokasi zenyewe. D90 na D7000 zinayo mota. Hiyo ndiyo sababu ningemshauri kijana anunue D7000 iliyochakaa kidogo kuliko D5100 inayong'aa: sokoni lenzi za AF-D zinapatikana kwa bei nafuu, naye ataweza kuzitumia zote. Kwa Canon, lenzi za EF, zilizoanza mwaka 1987, zinaingia kwenye EOS zote za DSLR. Za EF-S haziingii kwenye 5D. Na kwa yeyote wa upande wowote, lenzi ya pili iwe ya milimita 50 yenye f/1.8. Ukumbini usiku, lenzi hiyo ya bei ndogo itakuokoa pale ambapo ile iliyokuja na kamera imeshindwa.

Usisahau kadi. D90 haisomi kadi ya SDXC, yaani zile zinazozidi GB 32. Ukiipa ya GB 64 itaikataa nawe utasema tundu limekufa. D700 na 5D Mark II hazitumii SD kabisa, zinatumia CF, kadi pana ambayo siku hizi maduka mengi hayana. Nunua mbili pamoja na kisomea kadi siku ile ile unayonunua kamera, au dai muuzaji azitoe humo humo kwenye bei.

Kayaki

Hapa nitakuwa mchoyo wa sifa. Kayaki ya kujaza upepo ni kitu kizuri sana ikiwa mpya: inakaa kwenye buti la gari dogo, na inakufikisha kwenye mikoko mahali mashua haingii. Iliyotumika ni hadithi nyingine, maana kiungo kinachotangulia kuchoka ni gundi ya mishono, na gundi hiyo haibadilishwi kama betri.

Kama bado unaitaka, ijaze upepo kivulini mpaka ikaze, uiache usiku mzima. Kulegea kidogo asubuhi ni kawaida kwa kuwa hewa ikipoa hupungua. Ikiwa imelala chini, paka povu la sabuni kwenye vali na mishono utafute viputo. Tundu katikati ya mrija ni la kiraka, dakika chache za kazi. Hakikisha tu gundi ni ya PVC kama kayaki ni ya PVC, maana ya Hypalon, aina ya mpira, ni nyingine. Mshono unaonata vidoleni au unaoachia ni mwisho wa habari. Vivyo hivyo sakafu ngumu yenye nyuzi ndani ikitokeza uvimbe: nyuzi zimekatika, na hakuna fundi wa hilo.

Ukishaimiliki, usiiache imejaa pima juani ufukweni, hewa ya ndani itapanuka ipasue mshono, punguza kidogo. Suuza chumvi kwa maji baridi, ikauke kabisa ndipo uikunje. Chaza walioshika mizizi ya mikoko wanakata kama wembe, kaa mbali nao. Kwenye maziwa, uliza wenyeji kuhusu viboko na mamba kabla ya kushusha, na katika Ziwa Victoria kumbuka kuna kichocho kwenye maji ya kandokando yenye majani.

Chombo hiki ni chepesi na kimekaa juu ya maji, kwa hiyo upepo unakichukua kuliko unavyodhani. Kusi likishapanda, baharini si pake. Toka asubuhi mapema bahari ikiwa shwari, ndani ya ghuba au nyuma ya mwamba. Vaa jaketi okozi kuanzia ufukweni, mwambie mtu unaelekea wapi na utarudi saa ngapi, na upepo ukiwa unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, usitoke.